Buggy ya Beetle iliyoachwa nusu: spea zilizopungua nizitafuteje?

Mzigo_wa_Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Kuna buggy (kigari cha wazi) ya faibaglasi juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle, usukani kulia. Aliyeianza hakuimaliza, na orodha ya spea haipo.

Vilivyopo: chesisi imeshafupishwa na kuchomelewa. Giaboksi iko mahali pake. Injini iko pembeni, namba yake inaanza na AD, ina dainamo, ila kwenye boksi kuna alteneta mpya. Bodi nzima, tangi, sanduku la steringi. Rimu nne, lakini nyuma ni za bolti 4 na mbele ni za bolti 5.

Visivyopo: masta silinda na paipu zote za breki, waya wa klachi, waya wa aksileta, waya za handbreki, fimbo ya gia inayopita ndani ya mgongo wa chesisi, kioo cha mbele na fremu yake, nyaya zote za umeme. Mabati ya injini yapo makubwa tu.

Namba ya chesisi inaanza na 118. Nianzie wapi ili nisinunue kitu mara mbili?

Spana17 (Gerezani)

Mkuu, usiagize chochote kwanza. Hapo una magari matatu: chesisi ina mwaka wake, giaboksi mwaka wake, injini mwaka wake. Ukimwambia muuza spea "Beetle ya 1968" atakupa vitu sahihi kabisa vya gari ambalo wewe huna.

Kwenye namba ya chesisi, 11 ni aina ya gari na tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo 118 ni modeli ya 1968, iliyotoka kiwandani kati ya Agosti 1967 na Julai 1968, maana VW walikuwa wanafungua mwaka mpya mwezi wa nane. Injini ya AD ni 1600 yenye njia mbili za hewa kwenye kila kichwa, nayo ilianza Agosti 1970. Kwa maneno mengine injini ni mdogo wake chesisi. Giaboksi bado hatujui.

Leta vipimo hivi kabla ya kutoa hata shilingi:

1. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande wa kulia na wa kushoto. Beetle ya kawaida ni milimita 2,400. Buggy fupi za mtindo wa Meyers Manx, ile ya California ya 1964, ni inchi 80, yaani kama 2,032. Pande zote mbili lazima zilingane. Zikipishana kwa milimita 5 au zaidi, chesisi ilichomelewa ikiwa imepinda, na hapo usinunue kingine mpaka inyooshwe.

2. Viungo vya magurudumu ya mbele ni kingipini (pini iliyosimama) au bolijointi (kiungo cha tufe)? Modeli ya 1968 inatakiwa iwe bolijointi, ila anayejenga buggy huokota ekseli yoyote.

3. Hesabu meno ya flaiwili: 109 au 130. Ya 109 ni ya mfumo wa volti 6, ya 130 ni ya volti 12. Stata hufuata flaiwili, na bushi ya stata iliyo ndani ya giaboksi hufuata stata.

4. Chungulia giaboksi pale shafti inapotokea kwenda kwenye klachi. Kuna mrija wa chuma unaoizunguka shafti, au shafti iko uchi? Halafu tazama sahani ya klachi kwenye injini: katikati kuna ringi nene, au ni ncha za springi tupu?

Hicho cha nne ndicho kinachowaumiza wengi. Giaboksi za kabla ya modeli ya 1971 hazina mrija, na beringi yake ya klachi inasukuma ringi. Za baadaye zina mrija, beringi inateleza juu yake na kusukuma ncha moja kwa moja. Ukichanganya, gari linaingia gia vizuri siku ya kwanza, halafu beringi inakula ncha za sahani na unashusha injini tena.

Hiyo alteneta ifunge tu, inaingia palepale pa dainamo.

Hewa_Sio_Maji (Nairobi)

Spana17 umeongea vizuri, ila hapo kwa alteneta ngoja kidogo. Haiingii "tu". Inataka kiti chake, kwa sababu kile cha dainamo ni tofauti. Kisha kuna pampu ya petroli: pampu ya injini za dainamo ina kijiti cha milimita 108, na ile iliyoinama ya injini za alteneta ina kijiti cha milimita 100. Ukiweka kijiti kirefu kwenye pampu ya kijiti kifupi, unapasua diafram au kabureta inafurika mafuta. Ukigeuza, petroli haifiki. Kipimo cha uhakika: zungusha injini mpaka kijiti kifike juu kabisa, kisha pima kinavyojitokeza pale pampu inapokaa, gasketi zikiwa mahali pake. Kinatakiwa kuwa milimita 13. Gasketi za ziada ndizo za kurekebishia.

Sasa kwa swali lenyewe. Usinunue kitu kimoja kimoja. Tafuta Beetle nzima iliyokufa, usukani kulia, hata kama bodi imeoza, na uinunue kwa bei ya chuma chakavu. Spea kubwa zinapatikana popote. Kinachokwamisha buggy ni vile vidogo ambavyo hakuna anayeviuza: kibati kinachoshika chini ya mkono wa gia, pini ya pedali, ndoano ya waya wa klachi, klipu, bolti za gurudumu za urefu sahihi. Kwenye mkweche vyote viko, na vingine bado vimefungwa mahali pake, kwa hiyo unaona vinavyokaa. Piga picha kabla ya kufungua.

Toa kwanza seti nzima ya pedali na shafti yake, mkono wa handbreki, mkono wa gia na sahani yake, koloni ya steringi, kisha kila bati linalogusa injini. Bolti weka kwenye mifuko tofauti na uandike zilipotoka.

Ukikosa Beetle, Kombi ya injini ya 1600 iliyosimama itakupa feni, nyumba ya feni, mabati ya silinda, stata, kabureta na sehemu kubwa ya klachi. Yale mabati ya kuziba kati ya injini na bodi hayafanani, hayo yaache.

Jihadhari na mkweche wa Beetle aina ya 1302 au 1303. Hizo mbele zina shokapu za kusimama zinazoshikwa na bodi ya Beetle. Buggy haina bodi hiyo, na kichwa cha chesisi hakipokei ekseli ya mirija miwili. Nunua ukitaka injini tu.

Spana17 (Gerezani)

Kwa kijiti cha pampu nakubali, nilirahisisha mno.

Mzigo_wa_Tanga

Asanteni. Vipimo: kulia 2,031, kushoto 2,033. Mbele bolijointi. Meno 130. Giaboksi haina mrija, na sahani ya klachi ni ncha tupu bila ringi.

Spana17 (Gerezani)

Tofauti ya milimita 2 haina neno, chesisi imenyooka. Na umeona klachi? Hivyo ilivyo ni mchanganyiko. Injini ilikuja na klachi yake ya kisasa, giaboksi ni ya zamani. Giaboksi ndiyo inayoamua: nunua sahani ya milimita 200 yenye ringi, pamoja na beringi ya aina ya zamani inayoshikwa na klipu mbili kwenye uma. Plet yenyewe, ile inayobanwa kati ya sahani na flaiwili, haibadiliki.

Ukiwa hapo, kagua nati ya flaiwili, namba 36. Inafungwa kwa Nm 343. Kama huna spana ya toki ya ukubwa huo, tia bomba, pima mita 1 kamili kutoka katikati ya nati, na uning'inize kilo 35 mwisho wa bomba likiwa limelala sawa na ardhi. Ikilegea, flaiwili inakula pini zake nne na krenki inaharibika.

Nati za ekseli ya nyuma ni namba 36 pia, Nm 294, yaani kilo 30 kwa mita ileile. Tundu la kotapini lisipolingana, kaza mbele mpaka lilingane. Usirudishe nyuma.

Rimu: amua iwe bolti 4 kote au 5 kote. Za 5 hutumia bolti za M12 kwa 1.5, za 4 ni M14 kwa 1.5, kwa hiyo usijaribu kulazimisha. Nyuma yako tayari ni 4, basi tafuta dramu mbili za mbele za bolti 4. Kabla ya kuagiza pima kwa venia kipenyo cha spindo (mhimili wa gurudumu) pale beringi ya ndani inapokaa, maana bolijointi zilitoka na saizi zaidi ya moja, na dramu huja na beringi ya saizi moja.

Kereza_MSA

Mzigo, fimbo ya gia usiiagize. Chukua ya Beetle yoyote uikate. Chesisi yako imepungua milimita 368 (2,400 kutoa 2,032), na fimbo inapungua hivyohivyo.

Namna ya kuikata: kabla ya msumeno, chora mstari mmoja kwa ncha kali kutoka mwanzo hadi mwisho wa fimbo. Mstari huo ndio roho ya kazi, kwa sababu kile kikombe cha mbele kinachopokea mkono wa gia kina pembe yake kulingana na upande wa nyuma. Kata kipande cha 368 katikati, pale bomba limenyooka. Mwambie fundi akereze kipande cha chuma cha urefu wa milimita 100 kinachoingia ndani ya bomba kwa kubana, 50 kila upande. Toboa matundu mawili kila upande, linganisha mstari, jaza matundu kwa welding, kisha zungushia pale zinapokutana. Saga mpaka iwe laini, vinginevyo itakwama kwenye bushi. Mstari ukipinda hata kidogo utapata gia zote isipokuwa ya pili au rivasi, na utamlaumu mtu wa giaboksi bure.

Bushi ya plastiki ndani ya mgongo badilisha pamoja na ringi yake ya waya. Ni ya bei ndogo, ikikosekana fimbo inapigapiga na gia inatafutwa kama kituo cha redio. Kule nyuma, skrubu ya kichwa cha mraba ya kiungo cha gia ifungwe kwa waya isijifungue.

La muhimu kuliko yote: fimbo huingia kutokea mbele, kupitia tundu la kichwa cha chesisi. Ingiza kabla bodi haijafungwa. Baadhi ya buggy pua haina tundu la kuipitisha.

Waya wa aksileta nunua wa kawaida na ukate upande wa kabureta, kwa sababu pale hushikwa na skrubu tu. Waya wa klachi ni habari nyingine: nyuma una uzi wa nati, kwa hiyo ukiukata lazima ncha mpya ibanwe kwa mashine. Zile klempu za waya za madukani usitumie, zinateleza siku ukikanyaga kwa nguvu. Waya za handbreki vilevile.

Ila kabla ya kuagiza waya yoyote, pitisha waya mgumu ndani ya kila mrija ulio ndani ya mgongo, kutoka mbele hadi nyuma. Mafundi wanaofupisha chesisi huchomelea mgongo kwa nje na kusahau mirija ya ndani, au welding inapenya na kuacha jino ndani.

Mzigo_wa_Tanga

Nimepitisha. Wa aksileta safi. Wa klachi unakwama palepale penye mshono. Paipu ya petroli inapitisha pumzi, lakini nikiziba nyuma na kupuliza mbele, hewa inatoka pole pole.

Kereza_MSA

Basi fungua dirisha juu ya mgongo pale kwenye mshono, kama sentimita 10 kwa 6, kwa diski nyembamba. Usichome kwa gesi. Tengeneza mrija wa klachi kwa kuuvalisha mrija mkubwa kidogo kwa nje, uchomelee kwa nje tu, kisha pitisha waya tena. Uhakikishe pia umeshikwa na ukuta wa mgongo. Ukiwa huru, klachi inavuta mrija badala ya kusukuma beringi.

Paipu ya petroli inayovuja ndani ya mgongo usiirekebishe. Iache humo imekufa na upitishe mpya ya milimita 6 nje, chini ya mgongo, klipu kila sentimita 25, mbali na bomba la moshi. Petroli ikijaa mgongoni na waya wa stata ukapiga cheche, hapo hakuna buggy tena.

Namba ya chesisi iko juu ya mgongo upande wa nyuma, pale siti ya abiria wa nyuma ingekuwa. Diski isiiguse. Gari lisilo na namba inayosomeka halikaguliki, na usajili wako unaishia hapo.

Dada_Birmingham

Kwa wanaoagiza nje: maduka ya Marekani na Ujerumani yakiona "Beetle" yanakutumia spea ya usukani kushoto usipouliza. Kwa injini hakuna tatizo, haijui usukani uko wapi. Na vitu vya injini vimejaa, kwa sababu Mexico ilitengeneza Beetle hadi Julai 2003 na Brazil ilitoa Kombi za injini ya hewa hadi 2005.

Vinavyotofautiana kwa usukani kulia ni pedali, masta silinda na paipu zake, sanduku la steringi, taidrodi (ndefu na fupi hubadilishana upande), na urefu wa baadhi ya waya. Hivyo tafuta Uingereza, Australia au Afrika Kusini. Kiwanda cha Uitenhage kilitoa Beetle za usukani kulia hadi 1979, na kutoka huko kwenda Tanga mzigo haupiti mbali.

Kwenye ujumbe wa kuagiza andika: usukani kulia, bolijointi, dramu kote, masta silinda ya saketi mbili, chesisi iliyofupishwa kwa milimita 368. Hilo la mwisho linakupatia waya za klachi na handbreki zilizokwisha kukatwa kiwandani, maana wanaouza vitu vya buggy huwa nazo.

Paipu za breki usiagize zilizokunjwa. Nunua mita 8 za paipu ya shaba na nikeli, milimita 4.75, na nati za M10 kwa 1, ukunje mwenyewe. Angalia mdomo: VW ni mdomo wa uyoga, umevimba kwa nje. Mafundi wengi wana mashine ya mdomo wa tarumbeta wa magari mengine. Ukiukaza huo kwenye silinda ya VW utaziba leo, na baada ya wiki utaanza kutoa jasho.

Chombo cha mafuta ya breki kiwe juu kuliko masta silinda, na mpira wake usiwe na mahali unapopanda na kushuka, hewa hukaa hapo. Kijiti cha pedali kiache nafasi ya milimita 1 kabla hakijagusa pistoni. Kisipoacha, breki zinajishika zenyewe zikipata moto.

Hewa_Sio_Maji (Nairobi)

Nirudi kwa mabati, kwa sababu amesema "yapo makubwa tu". Hapo ndipo injini za buggy hufia. Mtu huona injini iko wazi, inapigwa na upepo, anadhani bati ni pambo. Feni inasukuma hewa kupitia mapezi ya silinda kwa nguvu kwa sababu tu mabati yanaizuia isipite njia ya mkato.

Lala chini ya injini na tochi, tazama kati ya silinda 1 na 2, halafu 3 na 4. Ukiona mapezi yenyewe, vibati viwili vya chini havipo. Ni vidogo kama kiganja, vimekunjwa kama V iliyolala, na ndivyo vinavyolazimisha hewa izunguke hadi chini ya silinda. Vinaingia kabla ya mirija ya pushrodi, kwa hiyo kama injini bado iko chini, ni sasa au ushushe vichwa baadaye.

Kisha bati la nyuma ya puli ya krenki, na yale ya pembeni yanayotenganisha juu na chini. Bila hayo feni inavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye bomba la moshi. Nyumba ya feni ya AD ina kichumba cha oili kula (kipoza oili) kwa nyuma, na feni yake ni pana kuliko ya zamani. Feni nyembamba ndani ya nyumba pana haipozi. Sili mbili za oili kula zipo za tundu la milimita 8 na za 10. Pima tundu la bloki na la kula yenyewe, usiende kwa kukisia.

Hilo likikamilika: oili lita 2.5, nafasi ya vali milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, mpangilio wa moto wa silinda 1-4-3-2.

Spana17 (Gerezani)

Umeme na kioo, haraka.

Faibaglasi haipitishi umeme. Kila taa, honi na geji inataka waya wake wa kurudi hadi kwenye chesisi. Funga baa moja ya shaba mbele na moja nyuma, kutoka kila baa waya wa milimita za mraba 6 kwenda chesisi, na msuko mmoja mnene kutoka giaboksi hadi chesisi. Taa zikififia ukipiga honi, hujaunganisha vizuri. Honi yenyewe hurudi kupitia koloni ya steringi, kwa hiyo ule mpira wa kiungo cha steringi lazima uwe na kiwaya kinachouvuka.

Kioo usiagize nje. Kwenye buggy nyingi ni bapa. Tengeneza fremu ya alumini kwanza, kata kielelezo cha kadibodi, na upeleke kwa fundi kioo akukatie leminetedi ya milimita 6.38. Acha milimita 3 kila upande kwa ajili ya mpira. Usikubali kioo cha kawaida cha dirishani, na kile cha temperedi hakikatwi tena kikishapikwa.

Mzigo_wa_Tanga

Nimelala chini na tochi. Mapezi yote yanaonekana, vibati havipo. Mirija ya pushrodi imeshafungwa.

Hewa_Sio_Maji (Nairobi)

Basi vichwa vinashuka, pole ndugu. Nati za vichwa ni 16, anza kulegeza kutoka nje kuja ndani. Agiza mirija 8 pamoja na sili zake 16, maana ya zamani haitaziba tena. Kabla ya kufunga ivute kidogo mirija mpya, iwe na urefu sawa yote, na mshono wake utazame juu.